Kanda Iliyovunjwa Meno

Gisenyi,
2 Machi 1999

Kwa dada yangu Gatesi,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto wote watatu, na kwamba mvua za Karagwe hazikuwanyima maharage mwaka huu. Sisi huku tu wazima. Goti la Mama bado linamtabiria mvua kuliko redio, na akishatabiri hakubali kukosolewa. Anakusalimu sana, anauliza kama mjukuu wake Keza ameacha kula udongo. Mimi kazi yangu ni ileile ya kupima magunia kwenye bohari karibu na mpaka. Nakula, nalala, mshahara unafika ukichelewa. Siumwi popote.

Najua utaisoma barua hii ukiwa na kalamu nyekundu mkononi, maana mwalimu ni mwalimu hata kwa mdogo wake. Sahihisha utakavyo, ila usiisome mbele za watu. Ndani yake mna habari ya mzee mmoja aitwaye Gakwaya, na kitu chake kilichopotelea mkononi mwangu. Tangu Novemba jambo hilo linanifuata, na sina mwingine wa kumwambia.

Katika barua yako ya Krismasi uliniuliza kama ni kweli ulivyosikia, kwamba mtu mzima wa miaka thelathini na moja anaruka na gitaa kwenye klabu wakati wenzake wanatafuta wake. Ni kweli. Tuna bendi. Kiongozi wetu ni Jack, aliyekulia Kampala, ndiye anayepiga dramu, na akikasirika anakasirika kwa Kiingereza. Mwimbaji wetu ni Connie, naye wa Kampala, sauti kubwa, mwili mdogo. Tunapiga roki ya zamani na twisti, zile nyimbo zilizokuwa zikipigwa Baba na Mama walipokuwa wabichi. Watu wa mji huu hawataki nyimbo mpya. Jack anasema za zamani wanazipenda kwa sababu zilitungwa kabla ya mambo yote, hazimkumbushi mtu chochote. Mimi kazi yangu ni kubonyeza nyuzi.

Hukuniuliza magitaa tuliyatoa wapi. Nadhani ulidhani tuliyanunua, na mimi nilikuacha udhani hivyo.

Unakumbuka ile nyumba ya kwanza tuliyokaa tulipofika kutoka huko, mwaka wa tisini na nne, ile yenye mlango wa kijani niliyokuelezea? Wenyewe walikuwa wamekimbilia Goma, na kila aliyerudi kutoka nje alikuwa anaingia penye mlango wazi. Katika sitoo tulikuta magitaa mawili, besi, seti ya dramu, spika, amplifaya moja kubwa yenye kitambaa cha rangi ya matunda, na sanduku la kanda za redio, kumi na mbili. Mama alisema nifunge mlango ule na nisiguse. Nilikaa mwezi mmoja bila kugusa. Kisha nikagusa.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na sita wenye nyumba walirudi, na ikatangazwa kwamba kila mtu arudishiwe yake. Wiki moja kabla ya kukabidhi, mimi na Jack tulivihamisha vyombo pamoja na sanduku la kanda kwenda nyumbani kwa Jack kwa mkokoteni, tumevifunika magunia ya viazi vya Kanama. Siku ya kukabidhi akaja kiongozi wa sekta na daftari lake, na mwenye nyumba, mzee Gakwaya, mrefu, mwembamba, koti la mtu mwingine. Alikagua vyumba kimoja kimoja. Alipofika sitoo aliuliza kama hatukukuta vitu mle. Nikajibu, mbele ya kiongozi na mbele ya Mama, kwamba tuliikuta tupu, wezi walishapita. Mama alitazama chini. Dada, sisi ndio watoto wa mtu aliyetusimulia utoto wetu wote habari ya baiskeli yake aliyoiacha alipoikimbia nchi hii mwaka wa hamsini na tisa, na jinsi kulivyokuwa na mtu fulani asiyemjua anayeipanda huku anapiga filimbi. Tulimlaani mtu yule kila jioni kabla ya kula. Na mimi nilitia sahihi kwenye daftari, mkono wangu haukutetemeka hata kidogo. Nilishangaa kwamba haukutetemeka.

Basi nikuambie habari ya usiku mmoja katika hiyo klabu uliyoniuliza. Ninauita usiku, lakini ulikuwa mchana. Wakati ule barabara ya Kanama ilikuwa bado mbaya kwa mashambulizi ya waasi, na kila mtu alitakiwa awe kwake kabla ya giza, kwa hiyo mwenye klabu ya La Girafe alikuwa amegundua njia yake: anafunga madirisha yote kwa mablanketi meusi, anawasha taa nyekundu na za buluu, na saa saba mchana mle ndani mnakuwa usiku wa manane. Mlangoni unaingia ukikunja macho kwa jua, ukitoka unakunja tena. Wanaume huvaa suti za usiku. Wanawake hujipaka manukato ya usiku. Saa kumi na moja kamili anazima taa, anafungua mablanketi, watu wanatazamana wamelowa jasho, kisha kila mmoja anashika njia ya kwake kama anatoka kanisani.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Bendi zilikuwa tatu. Ya kwanza ilitoka Goma, wazee wa mashati ya maua na suruali zilizopanuka chini. Walivuka mpaka asubuhi na vyombo vyao kwenye pikipiki, na mmoja wao alipiga gitaa akiwa amelala chali na watu wakamwagia bia kifuani. Ya pili ilikuwa ya wanajeshi watatu na fundi saa mmoja, hawakujua kumaliza wimbo, wakianza hawaachi, lakini watu waliwapenda kuliko wote. Tulipopanda sisi ukumbi ulikuwa umejaa mpaka juu ya meza. Connie alipoimba wimbo wa pili sakafu ilikuwa inanesa. Wake wa wafanyabiashara walikuwa wamevua viatu, makarani na madereva wamekumbatiana wanaruka, na mama mmoja muuza vitenge alipanda jukwaani akamnyang'anya Connie kipaza sauti, akaimba ubeti mzima wa maneno yasiyokuwepo. Watu walicheka hadi wakalia.

Mimi nilikuwa katikati ya furaha ile na sikuwa nayo. Sikuwa na huzuni, usidhani. Nilikuwa kama mguu uliolaliwa, unaukanyagia na unakubeba lakini huusikii. Vidole vilikwenda vyenyewe. Niliwatazama wale watu na nikawaza kuwa wengine wao labda wako kama mimi, wanaruka tu, lakini sikumuuliza mtu.

Katikati ya wimbo wa nne amplifaya ikakata. Huwa inakata, na siku zote tunahangaika nayo nusu saa. Jack akaanza kutukana, watu wakaanza kupiga miluzi. Ndipo mtu mmoja alipotoka nyuma ya ukumbi, akapita katikati ya watu taratibu, akapanda jukwaani. Hakututazama. Alipiga magoti nyuma ya amplifaya, akakunja ganda la kiberiti mara mbili, akalichomeka mahali fulani pasipoonekana, kisha akaipiga kofi moja ubavuni, upande wa kushoto. Ikanguruma. Ukumbi mzima ukashangilia, wakadhani ni fundi wa klabu. Aliposimama tukatazamana. Alikuwa mzee Gakwaya.

Nilimvulia gitaa, nikampa. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo, wala sikuwa nimefikiri. Alilivaa, akafupisha mkanda, akapiga. Dada, mimi napiga gitaa. Yule aliongea nalo. Jack aliacha kununa akamfuata, na kwa dakika kumi klabu ilikuwa kama imeshikwa na umeme. Mzee mwenyewe hakutabasamu. Alipomaliza alinirudishia gitaa, akafuta shingo yake kwa kitambaa, akanionyesha mlango kwa kidevu.

Nje jua lilikuwa kali. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa polisi. Nilikuwa nimeshaandaa na la kujibu. Yeye akasema polepole, kwa Kiswahili chao cha huku:

"Ile magitaa mubaki nayo, mi sina kelele. Natafuta kanda moja tu. Ile yenye ilivunjwaka meno. Sauti ya muke yangu iko ndani."

Kisha akanisimulia, tumesimama palepale ukutani. Mkewe aliitwa Nyirabagenzi, ndiye aliyekuwa mwimbaji wa bendi yao. Walikuwa na mtoto mmoja. Mwaka wa tisini na tatu Gakwaya alikwenda Goma kupiga muziki kwa wiki mbili, akakaa miezi miwili, maana watu walikuwa wanamshangilia. Mtoto akaugua. Barua zikamfuata, akasema atakwenda kesho, na kesho yake kesho. Aliporudi mtoto alikuwa ameshazikwa. Nyirabagenzi hakupiga kelele wala hakuondoka. Aliacha tu kusema naye. Alimpikia, akamwekea chakula mezani, kisha yeye akaenda kula jikoni peke yake, siku zote. Baada ya miezi mingi hivyo alirekodi aliyotaka kusema kwenye kanda, akavunja vile vimeno viwili vya mgongoni ili mtu asiifute, akaitia katika sanduku pamoja na nyingine. Akamtuma jirani kumwambia mumewe kwamba jibu lake limo mle, asikilize siku atakapokuwa mwanaume.

Gakwaya akaogopa. Alisema hivyo waziwazi, kwamba aliogopa kanda kuliko bunduki. Kila siku akajiambia kesho. Kisha vita vikawakuta, wakakimbia bila sanduku, na mkewe akafa kwa kipindupindu kambini, wiki ya pili, akiwa bado hajamwambia neno. Sasa hakuwa na picha yake, hakuwa na kaburi lake, maana walizikwa wengi pamoja. Alichotaka ni kujua tu alijibiwa nini. Nilimwambia nitatafuta.

Sikuwa na haja ya kutafuta. Mwaka wa tisini na saba Jack alitaka turekodi mazoezi yetu ili mwenye klabu atusikilize. Niliingiza mkono sandukuni, nikatoa kanda ya kwanza iliyokuja. Niliona kwamba meno yamevunjwa. Wewe unajua, kila mtu anajua, meno ya kanda hayavunjiki yenyewe. Mtu huyavunja akiwa na kitu asichotaka kifutwe. Nilichana karatasi ya pakiti ya sigara, nikaiviringa, nikaziba vitundu vyote viwili, nikabonyeza kitufe chekundu. Tukajaza upande wa kwanza, tukageuza, tukajaza wa pili.

Nilijificha siku kumi na tano. Nikimwona Gakwaya sokoni nilikuwa napita nyuma ya mabanda. Mama aliona, akaniuliza, nikamwambia yote hadi hapo. Hakunigombeza. Siku ya pili alianza kuivisha ndizi. Pombe ilipokuwa tayari aliitia kwenye mtungi, akaufunga kwa jani, akaniambia nioge. Huku bado wanayo desturi ya icyiru, pombe unayompelekea uliyemkosea. Unafika, unakiri kosa lako, unaonja wewe kwanza ili aone haina kitu, kisha unamwekea mrija. Akinywa, amekusamehe, na jambo hilo halitajwi tena na ukoo wowote. Asipokunywa, unabeba mtungi wako na aibu yako mnarudi.

Tulikwenda Jumapili, Mama mbele, mimi na mtungi kichwani kama bibi harusi. Dada, kucheka ruhusa. Mlango ni uleule wa kijani. Gakwaya alitukaribisha kwenye viti ambavyo tulivikalia sisi miaka miwili. Mama akasema yake ya uzee, kisha akanigeukia niseme yangu. Nikakiri magitaa, nikakiri daftari la kiongozi, nikakiri kanda. Nikaitoa mfukoni, nikaiweka mezani. Nikaonja pombe, nikaweka mrija upande wake.

Hakunywa. Alisukuma mtungi pembeni, akaleta redio yake, akaomba tusikilize. Tukasikiliza upande wa kwanza, dakika thelathini, Jack anahesabu moja mbili, Connie anasahau maneno, mimi nakosea na kurudia. Akageuza. Tukasikiliza wa pili hadi kitufe kikajiinua chenyewe. Hapakuwa na kitu. Sikuwahi kuwasikia wajinga kama sisi. Mama alikuwa ameinama anasali. Mzee aliweka mkono wake juu ya redio, akaniuliza, sauti ya chini kabisa:

"Mbele ya kuifuta, ulisikiliza?"

Nikasema ndiyo.

Akaniuliza mkewe alisema nini. Nikamwambia kwamba alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole, alizungumza kidogo tu, labda dakika mbili. Alisema yaliyopita yamepita. Alisema amechoka kula peke yake. Alisema njoo tule, chakula kinapoa. Gakwaya alifumba macho. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika. Kisha akauvuta mtungi, akashika mrija, akanywa, akampa Mama akanywa, akanipa mimi. Tangu siku ile tumesamehewa. Mama akasema njiani kwamba anaweza sasa kufa kwa amani, na kwamba Baba huko aliko ameona.

Dada Gatesi, sikusikiliza ile kanda. Haya ndiyo niliyotaka kukuambia tangu mstari wa kwanza nikawa nazungukazunguka. Sikuisikiliza hata sekunde moja. Tulikuwa na haraka, betri zilikuwa zinaisha, niliitia redioni nikabonyeza. Yule mama alisema alilosema, labda alimsamehe, labda alimlaani hadi siku ya kiama, na hakuna kiumbe aliyemsikia wala atakayemsikia. Yale maneno ya chakula niliyatunga pale kwenye kiti, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amenisimulia habari ya kula jikoni. Yalikuja upesi, kama salamu. Sikuona haya wakati ule, na hata sasa ninapoandika naitafuta hiyo haya, siioni. Hilo linanitisha kuliko uongo wenyewe. Najua ni uovu, nalijua hilo kama ninavyojua uzito wa gunia, na halinigusi.

Ukimwona Gakwaya leo utasema ni mtu mwingine. Amenenepa. Amejiunga na bendi yetu, ndiye anayepiga gitaa la mbele, mimi nimeshuka kwenye besi. Jack anamwita mwalimu. Watu sasa wanakuja La Girafe kwa ajili yake, na tangu hali ya usalama ilipotengemaa mwenye klabu ameondoa mablanketi, tunacheza usiku wa kweli.

Kila Jumapili kabla ya mazoezi ananiita pembeni nimwambie tena. Ni maneno yaleyale, yeye hataki nyongeza. Nayasema, anatikisa kichwa, tunaanza kufanya mazoezi. Jumapili iliyopita nilikuwa nimechoka, nikayasema haraka, kwamba alikuwa amechoka kula peke yake, kwamba alisema njoo tule. Nikawa nainuka. Akanishika mkono.

"Hapana," akasema. "Alisema njoo tule, chakula kinapoa. Usisahau tena. Ni we ulimusikia, peke yako."

Nikamwambia ni kweli, nilisahau, ndivyo alivyosema.

Niishie hapo, taa inayumba na kesho bohari inafunguliwa mapema. Msalimie shemeji, mwambie dawa ya ng'ombe aliyoniagiza nimeipata na nitampa dereva wa Ngara. Wabusu watoto. Majirani wote wa zamani wa huko wape salamu zetu, hata wale tuliogombana nao. Ukijibu, niandikie lolote utakaloona ni haki, na nikistahili kutukanwa nitukane, ila liandike kwenye karatasi yake peke yake. Barua zako namsomea Mama kwa sauti, naye huniomba nirudie mara mbili.

Ni mimi mdogo wako,
Hirwa